Meza Tisa Zilizoko Stoo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wa shughuli hii. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Wawezeshaji mliotoka mbali na masanduku yenu ya vitabu. Walimu wa awamu zote tatu mnaosubiri vyeti. Wazazi wenzangu mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha. Na wewe, Mheshimiwa uliyeko kwenye bango hili nyuma yangu, unayecheka hadi pengo linaonekana: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Vyeo nimevitaja kwa mpangilio niliopewa. Huyo wa mwisho nimemwongeza mwenyewe, hayumo kwenye orodha. Naomba mgeuze shingo kidogo mumtazame, maana nadhani kwa wiki tatu mmempita tu mkienda kunywa chai. Ni mtoto wa kike, ana miaka minane, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ameshika penseli, na juu ya kichwa chake mmeandika kwa herufi kubwa kuliko yeye: HAKUNA MTOTO ATAKAYEACHWA NYUMA. Huyo ni mwanangu. Nyumbani tunamwita Meneja, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuomba kitu, anaagiza. Jina alipewa na bibi yake, siku alipomwambia, "Bibi, chai imepoa, irudishe jikoni, na safari hii usisahau sukari."

Picha hiyo ilipigwa mwaka jana, ndani ya chumba kile mnachokiona pale mbele, chenye utepe mwekundu kwenye mteremko. Leo Meneja yuko chini ya mteremko wa chumba hicho hicho, pamoja na bibi yake. Mmeufunga utepe kwenye vyuma viwili vya mteremko, mkauvuta vizuri, ukanyooka. Kwa mtu mzima unafika kiunoni. Kwa mwanangu akiwa kitini unapita shingoni.

Hajaachwa nyuma, ni kweli. Ameachwa nje.

Jumatano Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akanipa karatasi iliyochapwa vizuri sana. Akaniambia, "Mama Meneja, dakika tatu tu, shukrani za wazazi, usiongeze wala usipunguze." Nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa. Mstari wa kwanza unasema, "Sisi wazazi tumejawa na furaha isiyo kifani." Nimesoma mpaka hapo. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia kidato cha pili, mambo mengi siyajui. Lakini nguo iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine naitambua hata kabla sijaivaa. Karatasi yenyewe nimeikunja, sitaitupa. Upande wa pili ni mweupe, na Meneja ana shida ya karatasi za kuchorea.

Kwa hiyo nitasema ya kwangu, na ya kwangu yana hasira. Nikipaza sauti mnisamehe, ni uchovu. Nina mwingine wa miezi mitano anayenyonya, na cherehani inanisubiri tangu alfajiri. Lakini maneno yenyewe siyaombei radhi.

Walimu wageni, hebu niwaambie mmekuwa mkikaa wapi.

Miaka miwili iliyopita chumba kile kilikuwa pa kutupia madawati mabovu. Watoto tisa wa Kitengo, yaani hao wasiotembea, na wale ambao mikono yao haiwatii, walikuwa wakisomea barazani. Mvua ikinyesha, masomo yamekwisha. Tukaja wazazi, tukaomba chumba. Tukaambiwa, kama mnaweza kukitengeneza, kichukueni. Tukakitengeneza. Mteremko ule tuliumimina wenyewe, Jumamosi tatu, zege kwa ndoo. Mlango tuliupanua ili kiti kipite bila mtoto kuchubuka vidole. Bomba la chuma mnaloliona limezunguka ukutani, ambalo nasikia mmekuwa mkitundikia makoti, liliwekwa ili mtoto alishike, asimame, miguu yake ikumbuke kazi yake.

Na seremala, yule pale nyuma mwenye penseli sikioni, baba wa mmoja wao, alipiga magoti mbele ya kila mtoto na kipimo chake. Alipima kutoka sakafuni hadi gotini, kutoka kiwikoni hadi kwenye kidole cha kati. Akaandika vipimo juu ya kipande cha ubao, akatengeneza meza tisa, na hakuna mbili zinazofanana. Ya Meneja ina nusu duara iliyokatwa mbele, kiti kiingie mpaka tumbo liguse mbao, kwa sababu mkono wake wa kushoto hauna nguvu ya kufika mbali. Siku alipoingizwa pale mara ya kwanza aliipapasa meza, halafu akamwambia seremala, "Fundi, umefanya kazi. Sasa nitengenezee na droo." Akatengenezewa na droo.

Mwalimu Mkuu, wewe ulikuwepo. Ulivua koti, ukakunja suruali, ukashika koleo. Zege likarukia viatu vyako vyeusi, mkeo akaja na sufuria ya chai akatucheka sote. Sijasahau. Na ndiyo maana leo hasira yangu kwako ni kubwa kuliko hasira yangu kwa wageni wote hawa. Mtu hamkasirikii asiyemtarajia kitu.

Ijumaa ya wiki tatu zilizopita, Meneja alirudi na barua kwenye mkoba. Nimekuja nayo. "Kutokana na maandalizi ya mafunzo ya walimu kuhusu usawa na ujumuishi shuleni, wanafunzi wa Kitengo watakaa nyumbani kwa muda wa siku tano." Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nikadhani macho yangu yamechoka. Nikampa mama mkwe, ambaye huvaa miwani kwa ajili ya barua za maana peke yake. Akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mwanangu, hawa wanafukuza samaki ili wajifunze kuvua?"

Siku tano zikapita. Ikaja barua ya pili: "hadi hapo mtakapojulishwa." Awamu ya pili ya walimu ikaingia, ikatoka. Ya tatu ikaingia. Nikaja kuuliza, nikaambiwa, "Vuta subira mama, chumba hicho ndicho pekee kinachofaa." Kinafaaje? "Kina mlango mpana, sakafu nzuri, na kuna mteremko wa kupitishia vyombo." Sikilizeni hiyo, walimu. Mteremko wa kupitishia vyombo! Tulibeba zege kwa ndoo, Jumamosi tatu, ili zipite projekta na katoni za maji.

Na wiki hii nimeona kibao kipya juu ya mlango, kimefunikwa kitambaa. Kitambaa hicho nimekishona mimi, niliambiwa ni cha mezani. Chini yake pameandikwa, nimefunua nikaona, "Kituo cha Mafunzo ya Usawa na Ujumuishi." Kituo. Cha kudumu. Kwa hiyo "mtakapojulishwa" ndiyo leo, na tunajulishwa kwa mkasi.

Hebu niulize swali, nami si mwezeshaji. Ni nani alisimama akasema, tuwatoe watoto walemavu ndani ili tujifunze namna ya kuwapokea? Nani? Mtazame jirani yako. Si yeye. Si Mwalimu Mkuu, si Afisa, si wewe. Hakuna aliyesema. Na hilo ndilo linalonitisha kuliko kama lingekuwepo jitu moja baya lenye pembe. Mmoja alisema tunahitaji chumba kizuri. Mwingine akasema meza hizi fupi zinatuumiza magoti, zipelekwe stoo. Mwingine akasema ukuta una madoadoa, upakwe rangi nyeupe, picha zionekane vizuri. Madoadoa! Yale yalikuwa viganja. Siku ya kufunga shule mwaka jana kila mtoto alichovya kiganja kwenye rangi akakibandika ukutani. Wengine vidole havifunguki, mwalimu wao alivifungua kimoja kimoja, taratibu, kama unavyofungua ua la kitambaa bila kulichana. Viganja tisa. Fundi rangi alivipitishia mkono mmoja wa rangi nyeupe, vikaanza kuonekana tena kwa chini, akavipitishia wa pili.

Mnamsikia huyo? Ndiye wa miezi mitano. Shangazi yake, mpakate tu, mwimbie, namalizia. Hapana, simalizii. Mwimbie.

Jumatano ya wiki ya pili nilikuja kufuata penseli. Msicheke, penseli ya Meneja si ya dukani. Mwalimu wa Kitengo alichukua kipande cha kandambili kuukuu, akakitoboa katikati, akapitisha penseli, ikawa nene kama gunzi la mahindi, mkono wa mwanangu ukaweza kuishika. Ilibaki ndani ya droo. Tukafika mlangoni, mimi nasukuma kiti, askari akasimama.

"Dada, ndani kuna semina."

"Nafuata penseli ya mtoto."

"Penseli? Si ununue dukani?"

"Ya dukani hashiki."

Akamwangalia Meneja, akakuna kichwa, akasema kwa upole kabisa, "Samahani dada. Leo ni siku ya ujumuishi, wamesema watu wa nje wasiingie." Halafu akajisikia mwenyewe alichosema. Akacheka. Nami nikacheka, nikacheka hadi nikashika ukuta. Kuna vicheko, ndugu zangu, ambavyo mtu akivikosa anaweza kuvunja kioo.

Nikachungulia dirishani. Nikaona walimu wamejipanga duara, mmoja amefungwa kitambaa machoni, mwingine amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa.

"Sukuma taratibu jamani, nina watoto wanaonitegemea!"

"Ukianguka tutakuandika kwenye ripoti!"

"Mbona kinavuta upande? Hiki kiti kina jini!"

Na sauti ya mwezeshaji, nzuri, ya upole, "Hisini, walimu. Dakika tano, kisha mwenzako. Hisini!"

Meneja alikuwa amenyoosha shingo. Akaniuliza, "Mama, kile si kiti cha Kicheko?"

Kilikuwa chenyewe. Kina uzi mwekundu kwenye gurudumu, niliufunga mimi. Kicheko ni mjukuu wa muuza mboga wa kona ile. Kwao njia ni nyembamba, mtu na mtu hawapishani. Kwa hiyo kiti hulala shuleni, na bibi yake humleta mgongoni kila asubuhi, mzee wa miaka sitini na kitu, na mtoto wa miaka kumi. Watoto waliporudishwa nyumbani, hakuna aliyekumbuka kiti.

"Ndicho," nikamwambia.

"Na yule mwalimu anajifunza nini mle?"

"Anajifunza kukaa kama Kicheko."

Akasema, "Si wangemwita Kicheko tu, awaambie?"

Wawezeshaji, mna shahada. Mna vitabu kwenye masanduku. Swali hilo mngelijibuje?

Siku ile ilikuwa ya kumi na tatu. Mnajua Kicheko alikuwa wapi? Alikuwa amelala mkekani nyuma ya meza ya mboga, akitazama miguu ya wateja. Mwili uliozoea kukaa wima ukilazwa siku kumi na tatu, unaoza. Siongezi chumvi, bibi yake alinifunulia, kwenye nyonga palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Nyinyi mlihisi kwa dakika tano, mkapokezana, mkacheka, mkaenda chai. Kicheko alihisi kwa niaba yenu siku kumi na tatu, na hakuna aliyempigia saa.

Sikuja kumwaga sumu tu. Palikuwa na mwalimu mmoja mle ndani, kijana wa hesabu kutoka shule ya mbali, aliniona dirishani, akatoka. Akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Nikamweleza. Hakuniambia pole. Hakuniambia suala langu litafanyiwa kazi. Alirudi ndani, nikasikia kelele za "Mwalimu, zoezi halijaisha!" akatoka na kiti. Njia ya kwa Kicheko ilipokuwa nyembamba, alikibeba kichwani, tai yake ikining'inia. Alipofika alimsalimia bibi, akamwinua Kicheko, akamkalisha, akamuuliza, "Breki iko wapi?" Kicheko akamwonyesha. Akamuuliza, "Na kwa nini kinavuta kushoto?" Kicheko akamjibu, "Kwa sababu na mimi navuta kulia." Mwalimu yule yumo humu. Sikutaji, najua utaona haya. Ila nataka wenzako wajue jambo moja: siku ile hukuwa na cheti.

Na sasa namtafuta mwingine. Mwalimu wa Kitengo yuko wapi? Nasikia yuko pale pembeni, kwenye meza yenye daftari la mahudhurio. Mwalimu, simama tafadhali. Usiogope, mimi ndiye ninayesema, wewe unasimama tu.

Huyu mama amesomea kazi hii miaka miwili. Kati ya watu wote waliopo kwenye uwanja huu, na mnisahihishe kama nakosea, ndiye peke yake anayeifanya kila siku, mwaka wa tisa sasa. Anajua mtoto yupi hupaliwa na maji ukimnywesha akiwa amelala. Anajua kumvalisha viatu mtoto ambaye miguu yake imefungana. Amemfundisha Meneja kuandika neno "mama" kwa penseli ya kandambili, na siku lilipokamilika alikuja mwenyewe dukani kwangu nalo, akanikuta nashona, akaliweka chini ya sindano, nikasimamisha cherehani nikalia.

Je, katika wiki tatu za mafunzo ya kupokea watoto wa aina hii, huyu alipangiwa kazi gani? Kuandikisha majina mlangoni. Na kugawa maji. Chupa moja kwa kila mwalimu, mbili kwa mwezeshaji. Nimeambiwa siku moja mwalimu fulani aliuliza swali la maana sana, mtoto asiyeweza kushika kalamu afanyeje mtihani, akajibiwa, "Swali zuri, tutalirudia." Hamkulirudia. Na mwenye jibu alikuwa hatua sita kutoka hapo, anahesabu vifuniko. Kaa, mwalimu. Asante. Wamekuona.

Sasa nisije nikasimama hapa nikajifanya malaika mwenye sindano. Nataka niwaambie na langu.

Mwaka juzi walikuja wageni nyumbani kwangu, watu wa ofisini kwa mume wangu. Nikafagia, nikatandika vitambaa, nikatoa vikombe vile visivyoguswa. Na Meneja nikamsukuma chumba cha ndani, nikarudishia mlango. Nikajiambia ni kwa ajili yake, wasimsumbue kwa maswali. Wageni wakakaa, wakala, wakasifu nyumba. Walipoondoka nikafungua mlango, nikamkuta anautazama tu. Akaniuliza, "Mama, wale wageni, wewe unawaogopa au unaniogopa mimi?"

Nikamsukuma hadi sebuleni. Tangu siku ile, mgeni akija kwangu humkuta Meneja sebuleni, tena ndiye anayemwonyesha pa kukaa.

Ndiyo maana naelewa kilichotokea hapa, naelewa sana, na kukielewa kumenizidishia hasira badala ya kuipunguza. Sisi watu wa heshima ndivyo tulivyo. Mgeni akija, chumba kizuri chake, kikombe kizuri chake, na mtoto anaambiwa nenda kacheze nje kuna wageni. Mwalimu Mkuu, wewe hukuwachukia watoto wetu. Ulipata wageni. Ukaangaza macho shule nzima ukitafuta pa kuwaweka usiaibike, na macho yako yakaangukia chumba kizuri kuliko vyote, ukajivunia. Ukasahau kwamba kilikuwa kizuri kwa sababu ya waliokuwamo.

Lakini wazee walituachia na neno jingine kuhusu wageni. Mgeni siku mbili. Ya tatu, mpe jembe. Ndugu zangu, tangu Ijumaa ile hadi Ijumaa hii, leo ni siku ya ishirini na mbili.

Mheshimiwa Afisa Elimu, mkasi uko mbele yako, kwenye sinia. Mikasi mimi naijua kuliko ninavyojua hotuba. Fundi hupima mara mbili, hukata mara moja, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hata ukiunge namna gani, mshono utaonekana. Nakuomba upime. Mwanangu alikuwa akishika bomba lile la ukutani na kusimama hadi nihesabu arobaini. Juzi nyumbani, ameshika ukingo wa kitanda, nilihesabu kumi na saba, magoti yakakunjika. Vidole vyake vya kushoto vimeanza kufumba tena. Hayo si maoni ya mzazi mwenye uchungu, ni vipimo. Ukikata utepe huo leo, unakata na hizo hesabu ishirini na tatu alizopoteza, na sijui kama zitaungika.

Mtaniuliza, basi mafunzo yafanyike wapi? Yafanyike mle mle. Watoto wakiwamo. Awamu ya nne ije, walimu watano watano, wakae nyuma, wamtazame huyu mama wa vifuniko akifanya kazi. Kibao chenu sikikatai, kiacheni juu ya mlango kama mnakipenda. Kitakuwa kweli kwa mara ya kwanza.

Namaliza, kweli sasa. Kabla sijapanda hapa nilimuuliza Meneja, nikawaambie nini? Nikategemea atasema kitu cha kunitoa machozi. Akanitazama kama anavyomtazama bibi yake chai ikipoa. Akasema, "Mama, usilie. Ukilia watakupigia makofi, halafu watakaa."

Kwa hiyo sijalia, kama mlivyoona. Na makofi siyataki. Makofi ni mikono miwili, na meza moja ni mikono minne. Meza ziko tisa. Ziko stoo nyuma ya jiko, chini ya mifuko ya saruji, hatua themanini kutoka hapa, nimezihesabu. Moja imevunjika mguu, seremala amekuja na nyundo yake na misumari ameitia mdomoni tayari, ndiyo maana hakuitikia nilipomtaja. Ninyi walimu mko tisini mmevaa vizuri, najua. Mwalimu Mkuu atawaonyesha namna ya kuvua koti. Zege lilimtoka viatuni, na vumbi litawatoka.

Mheshimiwa, utepe usiukate. Ufungue tu. Fundo lake ni jepesi, mlinipa mimi nilifunge. Na mwenye mkono wa karibu zaidi na fundo hilo ni yule pale chini ya mteremko. Mkono wake wa kulia una nguvu. Ukimwomba ataufungua. Ila jiandae, atakuagiza na jambo jingine.

Nawashukuru kwa masikio yenu, mmenivumilia zaidi ya dakika tatu. Mwenye neno la kunijibu nitalisikiliza kwa moyo mmoja, stoo, akiwa ameshika upande wa pili wa meza.

Shangazi, nipe mtoto nimfunge mgongoni. Twendeni.